Kiapo cha Mwamvua na Upepo wa Bweni

Watu wa Makorora wakitaka kumchokoza Mwamvua, huiita ndege yake tiara. Hapo ndipo utamjua. Atasimamisha cherehani, atavua miwani, na kukueleza polepole, kama anayemweleza mtoto, kwamba tiara ina uzi, na kitu chenye uzi hakirushwi, kinashikwa tu. Yake haina uzi. Haina injini wala makelele. Ina mabawa mapana kuliko mikono yake yote miwili akiinyoosha, ina mkia unaochezeshwa na vijimota vidogo, na rimoti anayoishika mkononi. Kinachoibeba hewani ni upepo mtupu, na kuujua upepo ndiyo kazi yenyewe.

Yeye ni mshona mapazia. Hana shahada ya kitu chochote na hajapata kupanda ndege ya abiria. Ilianza siku aliyokwenda Raskazone kushusha mapazia ya mpangaji mmoja mgeni aliyekuwa anahama. Kwenye lundo la taka nje ya geti aliona bawa moja jeupe limevunjika katikati, na pembeni yake rimoti. Aliuliza ni nini, akaonyeshwa kwenye simu: ndege ndogo inaelea juu ya mwamba wa bahari, saa nzima, bila kupiga bawa, na chini yake mtu amesimama tu. Mwamvua alikwishapita miaka arubaini na mitano, binti yake Nasra ameolewa, na hakuwa na habari kwamba moyo wake bado una nafasi ya kitu kipya. Alibeba lile bawa na rimoti hadi nyumbani, vimefungwa ndani ya pazia.

La kwanza alilishona, maana ndilo alilojua. Halikuruka. Ya pili aliitengeneza kwa maboksi meupe mepesi yanayobebea samaki wa barafu, akayakata kwa waya wa moto, akatia upapi wa mwanzi ndani kuwa mfupa, akayavika kitambaa chembamba cha bitana. Hiyo iliruka. Akairusha uwanja wa mpira, ikapaa, ikageuka, ikatua kwenye paa la msikiti. Imamu alimtuma mtu kuiteremsha na salamu kwamba ndege ni nzuri lakini paa si lake.

Basi akaanza kutafuta mahali. Na hapa niseme wazi, kwa sababu wapo wanaodhani mama huyu anacheza tu: kutafuta mahali kulimchukua misimu na misimu, na alikipanda kila kilima kwa miguu yake. Alijifunza kwamba upepo unaotoka baharini ukikuta ukuta wa nchi hauna pa kwenda ila juu, na hapo juu ndipo ndege isiyo na injini inapokaa. Alijifunza pia upande wa pili, kwamba ukikivuka kilima upepo huohuo huporomoka kwa nyuma, na chochote kilichomo hushuka nao. Kwa hiyo mahali pazuri leo kesho ni kaburi. Kusi ikivuma, alikwenda Mkoma, kaskazini ya mji wa Pangani, kwenye ule mwamba mfupi unaotazama bahari. Kaskazi ikivuma, alivuka mto kwa pantoni hadi Bweni, akapanda kilima kinachotazama mdomo wa mto. Siku za shwari alikwenda mashamba ya mkonge huko Pongwe, akasubiri ardhi ipate moto na mwewe waanze kuzunguka, kisha akaituma ndege yake palepale walipo mwewe. Na asubuhi na mapema, upepo wa nchi kavu unaposhuka kwenda baharini, alijifunza kukaa nyumbani ashone mapazia. Hilo alilijua baada ya kupoteza ndege Mkoma, siku ambayo mji mzima ulikuwa unasema kusi imeingia naye akauamini msimu kuliko shingo yake.

Nasema shingo kwa sababu ndiyo kipimo chake. Wengine hufunga utepe kwenye fimbo. Mwamvua hujitanda ushungi bila pini, ncha zake zikining'inia, na hizo ncha humwambia kila kitu. Zikimpiga kifuani, upepo uko nyuma yake na haifai kurusha. Zikirudi juu ya mabega yote mawili sawasawa, arushe. Zikianza kuchezacheza upande mmoja, aanze kuirudisha ndege nyumbani, asingoje kuona minazi ikiinama. Macho yanakuwa angani, hayana nafasi ya kuangalia kitu kingine. Ngozi ya shingo haina kazi nyingine.

Sasa mumewe. Sabiri ana duka la misumari, rangi na mabati palepale Makorora, na ni mtu mpole. Hakupata kumkataza. Alikuwa anacheka akiona bitana za wateja zimegeuka mabawa, na mara moja moja alileta mwenyewe gundi kutoka dukani. Mambo yaliharibika siku ndege ilipoanguka baharini pale Mkoma, karibu, inaonekana kabisa, inacheza juu ya maji. Mwamvua aliingia kuifuata. Hajui kuogelea. Maji yalikuwa yanajaa. Alifika kiunoni, kisha kifuani, kisha mguu ukakosa mchanga. Vijana waliokuwa wanatengeneza mashua ndio waliomtoa. Alirudi Makorora magharibi, dera limegandamana na mwili kwa chumvi, mikono mitupu, na ukumbini kumejaa watu wa ukoo waliokuwa wamepigiwa simu kwamba Mama Nasra amezama.

Sabiri hakugomba mbele ya watu. Alingoja waondoke. Kisha akakaa kwenye kiti kilichoelekea mlango, na mikono yake ilikuwa inatetemeka.

"Apa," alisema.

"Niape nini, Baba Nasra?"

"Ile uliyoanza kuitengeneza, iliyo mezani. Malizia, rusha. Ikipotea hiyo, basi. Apa."

Mwamvua aliona ile mikono, akaogopa zaidi ya alivyoogopa majini. "Wallahi," akasema, "hii ikipotea, sirushi tena maisha yangu."

Neno lilitoka hivyo, la Mwenyezi Mungu ndani yake, na likabaki limesimama kati yao. Tangu hapo akawa anarusha kama mtu anayebeba yai. Ile ndege ya mwisho aliitengeneza vizuri kuliko zote. Aliivika bitana ya rangi ya machungwa chini ya mabawa ili aione mbali, akaishonea mfuko wake wa kubebea, wenye zipu na mikanda. Akaikatalia pepo nyingi. Alikuwa anasafiri hadi Bweni, anasimama kilimani, anasikiliza shingo, na kama haikuridhika anarudi na mfuko haujafunguliwa. Kwenye pantoni walimzoea. Walimwuliza, "Leo mama imekataa?" Naye hujibu, "Sikuutaka upepo mimi." Msimu wa kaskazi ulipita, wa kusi ukapita, na kaskazi nyingine ikaja, ndege ikiwa nzima. Ukimwambia ni bahati atakukasirikia.

Kisha ikaja harusi ya Pangani. Anayeolewa alikuwa binti wa binamu yake Sabiri, na Mboni, dada yake Sabiri, ndiye aliyeshika mambo yote ya wanawake. Mboni ni mwanamke wa maadili na vipodozi. Kwake yeye mtu akionekana ovyo harusini ameutukana ukoo mzima. Alimwona Mwamvua anashuka na mfuko wenye mikanda begani akapiga makofi.

"Wifi, hata harusini?"

"Ni mwezi wa tatu, kaskazi inakatika. Nikingoja nirudi tena, kutakuwa hamna."

Walibishana, wakacheka, wakabishana tena. Mwishowe Mboni alisema atakwenda naye, ili ahakikishe wifi yake amerudi kabla ya biharusi kutolewa. Lakini kwa sharti. Alimkalisha kwenye jamvi, akamtanda ushungi mpya wa hariri, akaubana kwa pini kidevuni, masikioni, mabegani, hadi ukakaa umekaza pande zote. "Watu wa harusi wamejaa kivukoni," alisema. "Usituaibishe."

Mwamvua aliinua mkono kugusa shingo, akaikuta imefunikwa. Alitaka kusema. Akaona uso wa Mboni ulivyofurahi, akanyamaza. Huo ndio ukweli. Mtu aliyekataa pepo za misimu mitatu hakuweza kumkatalia wifi yake pini tano.

Bweni ilikuwa nzuri. Kaskazi ilikuwa inapanda kutoka baharini kwa upole, nyasi za kilimani zimelala upande mmoja, mto chini unang'aa, na mji ng'ambo umejaa ngoma. Mwamvua aliirusha kwa mkono mmoja. Ndege ikashuka kidogo, ikakamata upepo, ikapanda. Mboni, aliyekuja kulinda heshima, alisahau kinywa chake wazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona. Ikaenda hadi upande wa bahari, ikarudi, ikapita juu ya vichwa vyao na kusema fyuuu, ikaenda tena. "Wifi," Mboni alisema, "hii kitu iko hai." Mwamvua alicheka kwa sauti. Alikuwa na furaha, nami sitaki kuiharakisha ile furaha, kwa sababu ilikuwa kamili.

Mwisho wa mwezi wa tatu ni maleleji, wakati pepo mbili zinagombania bahari na hakuna iliyoshinda. Kaskazi ilikatika. Haikufanya fujo, ilipungua tu, na nyuma ya kilima, kutoka kusini, ile nyingine ikaanza kuja. Ingempiga Mwamvua kisogoni. Ingezitupa ncha za ushungi mbele ya kifua, naye angejua muda ule ule. Lakini hariri ilikuwa imebanwa. Mwamvua hakusikia kitu. Aliona tu ndege yake imeanza kuzama mkia, akaielekeza chini ipate mwendo, ikazidi kuzama, akashusha macho akaona minazi ya ufukweni imegeuza vichwa. Akajua amechelewa.

Alifanya yote yanayofanyika. Aliiacha bahari akaigeuza kuelekea minazini, afadhali ivunjike kuliko ipotee, maana iliyovunjika hushonwa. Upepo uliokuwa unaporomoka kilimani ukaikandamiza. Ikakosa minazi kidogo tu, ikapita juu ya mchanga, ikakaa majini kwenye mdomo wa mto, taratibu, kama bata. Maji yalikuwa yanatoka. Mwamvua alitelemka kilima anakimbia, viatu vya harusi mkononi, rimoti mkononi, akafika kwenye maji, miguu ikaingia hadi kwenye vifundo.

Na akasimama. Mboni alikuwa amemshika dera kwa nyuma kwa mikono miwili, analia, lakini si Mboni aliyemsimamisha. Alisimama mwenyewe. Ndege ilikuwa inaondoka na maji ya mto, bawa moja juu, rangi ya machungwa inaonekana, kisha inaonekana kidogo, kisha wimbi.

"Ni pini zangu," Mboni alisema.

"Ni mdomo wangu," Mwamvua alijibu. "Ningesema."

Alikwenda harusini. Alicheza hata chakacha. Aliporudi Makorora alimwambia Sabiri kwa maneno machache, akaweka rimoti juu ya kabati, akashona mapazia. Sabiri alimwangalia kwa siku nyingi akingoja alie au agombe, lakini hapakuwa na kitu. Alipika, alishona, alisali. Ila kusi ilipoingia, Sabiri akitoka dukani mchana humkuta mkewe amesimama uani, mikono kando, ushungi umelegezwa, uso umeelekea upande usio na kitu. Akisikia nyayo hujifanya anaanua nguo. Sabiri alikuwa ameomba utulivu, akaupata, na hakuupenda hata kidogo.

Mboni ndiye aliyekuja na ujanja. Hakuwa na raha tangu Bweni. "Wifi, uliapa hutarusha wewe. Mimi sikuapa. Tengeneza, nitarusha mimi, wewe usimame karibu unaniambia kushoto, kulia."

"Mungu hafanyiwi ujanja, wifi."

"Basi utakaa hivi hivi?"

Mwamvua akageukia cherehani. Alikuwa anajua njia, na aliijua tangu kwenye pantoni wakirudi kutoka Bweni. Kila aliyesoma chuo cha Kurani Makorora anaijua: aliyeapa na kiapo kikamshinda, ana kafara. Alishe maskini kumi, au awavike. Asiyeweza kabisa ndiye hufunga siku tatu. Sheria haikumzuia. Kilichomzuia ni ile mikono ya Sabiri ilivyotetemeka. Kiapo kilikuwa cha Mungu, na Mungu amekiwekea mlango. Lakini woga ulikuwa wa mumewe, na woga wa mtu haulipwi kwa pilau. Aliliumizia kichwa jambo hilo msimu mzima wa mvua. Akaona kwamba akiacha kwa ajili ya Sabiri atamchukia, si leo, ila pole pole, kwenye mambo madogo, na Sabiri hakustahili kuchukiwa. Hapo akapiga moyo konde.

Alinunua jora la kitambaa cheupe. Angeweza kulisha, lakini mikono yake ni ya kushona, na alitaka kafara ipite mikononi. Aliuliza kwa mwalimu wa chuo watoto gani nyumbani kwao hakuna kitu, akawapima mmoja mmoja ukutani, akaanza kushona kanzu. Hakujificha. Alizikata ukumbini, juu ya kochi ambalo Sabiri hukaa, ili asipate pa kukaa bila kuuliza.

Sabiri aliingia jioni, akaona weupe umetapakaa. Alidhani ni mabawa. Akasogea, akaona shingo, akaona mikono. Akahesabu zilizokwisha kukunjwa na zile zilizokatwa. Akakaa sakafuni, maana kochi lilikuwa limejaa.

"Kumi," alisema.

"Kumi."

"Umeamua."

"Nimeamua, Baba Nasra. Nilikuwa nataka ujue kutoka kwangu, siyo kutoka kwa watu. Nitarusha. Ukikasirika, kasirika, una haki. Lakini nikiacha nitakuwa mtu mwingine humu ndani, na hutampenda, na mimi sitampenda."

Sabiri alichukua kanzu moja ndogo, ya mtoto wa kama miaka saba, akailaza magotini. "Mboni aliniambia," alisema hatimaye. "Kwamba ulifika kwenye maji ukasimama. Kwamba haikuwa yeye."

"Haikuwa yeye."

"Mimi ndiye niliyekuapisha. Nilikuwa na woga, nikamtumia Mungu." Akaokota sindano. "Vifungo hivi nitavishona mimi. Nionyeshe."

Alimwonyesha. Alivishona vibaya, kimoja juu kimoja chini, Mwamvua akavifumua alipolala na kuvishona upya, jambo ambalo hadi leo Sabiri halijui. Lakini kabla ya kulala alisema, akitazama sindano, "Sharti moja. Usiingie baharini. Hata ikianguka hatua mbili. Apa."

Mwamvua aliweka kanzu chini. "Ahadi utapata," alisema. "Kiapo, hapana. Nimekoma."

Sabiri alicheka hadi sindano ikamchoma.

Kanzu zilivaliwa Ijumaa, watoto wakasimama safu moja nyuma ya msikiti, na Mwamvua alipita njia ile kwa makusudi kabisa. Ndege mpya ilichukua muda. Kusi ilikuwa bado inavuma ilipokwisha, kwa hiyo mahali palikuwa ni Mkoma, palepale mguu ulipokosa mchanga. Mboni alikwenda naye, amejipamba. Juu ya mwamba Mwamvua alifungua mfuko, akaunganisha mabawa, akatikisa mkia kwa rimoti, kila kitu kikajibu. Alipojinyoosha, Mboni alimsogelea bila neno, akaweka mikono nyuma ya kichwa cha wifi yake, akachomoa pini moja iliyokuwa imebaki, akaitia mkobani mwake.

Ncha za ushungi zikarudi juu ya mabega, zote mbili, sawasawa.

Kisha Mwamvua alitazama chini. Sabiri alikuwa amefunga duka akaja. Hakupanda mwambani. Alikuwa amesimama ufukweni, suruali imekunjwa hadi magotini, mgongo wake kwenye bahari na uso wake juu kwa mkewe, katikati kabisa ya njia ambayo mtu angepita akitaka kukimbilia majini. Ahadi alikuwa amepewa, akaipokea, na bado alikuja kusimama pale. Akainua mkono.

"Haya, Mama Nasra!" alipaza sauti. "Rusha!"